Mizani ya Dawa Chini ya Uluguru

Mtu aliyefundwa katika maabara ya saratani, ambaye kwa miaka mingi amechunguza jinsi seli za mwili zinavyoasi utaratibu wa kugawanyika na kutafuta kemikali ya kuzizuia, anapoiacha maabara na kuingia katika uchambuzi wa dawa, yaani kazi ya kusoma ushahidi uliokusanywa na wengine, kuupima kwa takwimu na kwa gharama, kisha kumshauri anayesajili, anayenunua au anayelipia, wenzake humwona kuwa ameitoroka sayansi na kufuata fedha. Historia ya Morogoro na milima ya Uluguru haiungi mkono hukumu hiyo kirahisi. Katika sehemu hii ya Tanzania kazi ya kupima thamani ya dawa ilikulia mikononi mwa watafiti na matabibu waliolazimika kuifanya, kwa sababu dawa karibu zote zilitoka mbali, fedha za kuzinunulia zilikuwa haba, na alihitajika mtu wa kumjibu muuzaji kwa lugha yake mwenyewe. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba mizani iliyoundwa kwa ajili hiyo ilipima vizuri baadhi ya magonjwa na kuyapunja mengine, na saratani ilikuwa miongoni mwa yaliyopunjwa.

Milima ya Uluguru huinuka ghafla kusini mwa mji wa Morogoro hadi kupita mita 2,600 katika kilele cha Kimhandu, na mvua inayonaswa na misitu yake huulisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam huutegemea kwa maji. Misitu hiyo imetengana na milima mingine kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba zaidi ya aina mia moja za mimea yake hazioti kwingine kokote duniani, na sifa hiyo iliwavuta wakusanyaji tangu mwanzo wa utawala wa Wajerumani. Franz Stuhlmann, mwanaelimuviumbe aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alipanda huko mwaka 1894, na jina lake limebaki kwenye mkanyi, mti wa msituni wenye matunda makubwa ambao kitaalamu huitwa Allanblackia stuhlmannii. Mbegu za mkanyi hutoa mafuta yanayoganda, na kabla ya karne ya 19 kwisha wanakemia wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuyachambua na kuyaandika kwa jina hilohilo la mkanyi, wakieleza kuwa sehemu kubwa yake ni asidi ya steariki, yaani asidi inayoyafanya mafuta yabaki magumu hata penye joto la kawaida la chumbani. Mgawanyo huo wa kazi ulidumu muda mrefu: mmea ulitoka mlimani pamoja na jina lake, lakini hesabu ya kwamba unafaa kwa nini na una thamani gani ilifanywa kwingine.

Utafiti wa saratani ulipoingia Afrika Mashariki, mwanzo wake mashuhuri kuliko yote ulifanana na uchambuzi kuliko kazi ya maabara, na hilo linastahili kutiliwa maanani na wanaodhani kwamba mambo hayo mawili yalianza mbalimbali. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliowaua watoto, kisha kwa ruzuku ya pauni 25 akachapisha karatasi za maswali zenye picha za wagonjwa na kuzituma katika hospitali za bara zima, akiuliza kama uvimbe huo umeonekana huko. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali za Tanganyika njiani, ili kuziba mapengo ya ramani yao. Ramani hiyo ilionyesha kuwa ugonjwa ulifuata joto na mvua na kuyakwepa maeneo ya juu yenye baridi, na kutokana nayo watafiti wa London walianza kutafuta kirusi, wakakipata mwaka 1964, kile kinachoitwa Epstein-Barr. Burkitt hakuwa na maabara iliyostahili jina hilo. Alichokuwa nacho ni maswali mazuri, majibu ya watu wengine, na uangalifu wa kuyapanga.

Njia ya pili ilikuwa ya mimea, nayo ilirudia mgawanyo wa zama za Stuhlmann kwa ukubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1960 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya maelfu ya aina za mimea kutoka pande nyingi za dunia na kuzijaribu juu ya seli za saratani, na mwaka 1972 kundi la mwanakemia S. Morris Kupchan lilitangaza kemikali kali mno, maytansini, iliyotoka katika kichaka cha Ethiopia cha jamii ya Maytenus. Kemikali hiyo ilikuwa kidogo sana ndani ya mmea, kiasi cha sehemu ndogo ya miligramu kwa kilo nzima, hivyo mwaka 1976 takriban tani 27 za mmea wa jamii hiyo zilivunwa katika milima ya Shimba, Kwale, nchini Kenya, ili ipatikane ya kutosha kwa majaribio ya kitabibu, yaani majaribio yanayofanywa kwa binadamu kwa hatua zilizopangwa. Majaribio yalishindikana, kwa kuwa dawa iliwaumiza wagonjwa tumbo na mishipa ya fahamu kabla ya kuwasaidia. Kwa mkusanyaji wa mimea hadithi ingeishia hapo. Lakini wachambuzi walioendelea kuisoma upya data ile walielewa kuwa tatizo halikuwa nguvu ya kemikali bali mahali ilipofika mwilini, na hatimaye ndugu yake wa kutengenezwa aliunganishwa na kingamwili, yaani protini inayotambua seli fulani na kujishika nayo, ikapatikana dawa ya saratani ya matiti, trastuzumabu emtansini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Malighafi yake leo huanzia kwa bakteria, wala haikatwi tena kichakani. Miaka 41 ilipita kati ya ugunduzi na dawa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa ya kusoma matokeo mabaya kwa subira.

Mkusanyo wa Wamarekani ulipoanza upya mwaka 1986, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoingia katika mpango huo kupitia Bustani ya Mimea ya Missouri. Uluguru yenyewe haijatoa dawa ya saratani iliyosajiliwa. Ilichotoa zaidi ni ujuzi wa mimea, hasa tangu Mhungari Tamás Pócs, aliyefundisha katika Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, alipoichora ramani ya uoto wa milima hiyo. Kitivo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984.

Wakati huo dawa zilizotumiwa na wananchi zilitoka katika meli, na pamoja nazo walikuja wauzaji. John Yudkin, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Dar es Salaam, aliandika katika jarida la Lancet mwaka 1978 kwamba Tanzania ilikuwa na wawakilishi 147 wa kampuni za dawa kwa madaktari wapatao 600, yaani mwakilishi mmoja kwa kila madaktari wanne, ilhali Uingereza ilikuwa na mmoja kwa kila madaktari 30 hivi. Takwimu hiyo inaeleza mengi. Kwa Mtanzania mwenye shahada ya sayansi ya tiba wa zama hizo, ajira iliyokuwa karibu zaidi katika sekta ya dawa ilikuwa kubeba mkoba wa sampuli na vipeperushi kutoka hospitali moja hadi nyingine, na daktari aliyetembelewa hakuwa na karatasi nyingine ya kuilinganisha na kile alichoambiwa. Serikali ilijibu kwa orodha. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwa na orodha yake ya dawa muhimu, yaani dawa chache zinazotosha mahitaji ya watu wengi, hata kabla ya Shirika la Afya Duniani kutoa yake mwaka 1977, na mwaka uliofuata Bunge lilitunga sheria ya dawa na sumu iliyoiweka Bodi ya Famasi kuwa msimamizi. Kutunga orodha ni uchambuzi, kwa sababu kila dawa inayoingia humo huiacha nyingine nje, na lazima awepo mtu wa kueleza kwa nini.

Kuanzia mwaka 1983, kwa msaada wa Denmark, zahanati na vituo vya afya vijijini vilianza kupelekewa makasha ya dawa yaliyofungwa tayari, yenye vitu vilevile kwa idadi ileile. Utaratibu huo uliokoa maisha katika miaka ya uhaba mkubwa, lakini kasha halikujua lilikokwenda: zahanati ya mlimani kwenye baridi, ambako mbu ni wachache, na ile ya bondeni kwenye homa za kila msimu zilipewa klorokwini kwa kipimo kimoja, kwingine ikaoza na kwingine ikaisha kabla ya mwezi. Bohari ya Dawa iliundwa mwaka 1993, na Morogoro ukawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kujaribu, mwishoni mwa muongo huo, mfumo wa kuagiza kwa mahitaji, ambapo mganga wa zahanati huandika mwenyewe anachohitaji. Ili aandike vizuri ilimpasa ajue watu wake wanaugua nini, na zaidi ya hapo, wanakufa kwa nini. Swali hilo la pili ndilo lililoipa Morogoro nafasi yake katika historia hii.

Mwaka 1992 Wizara ya Afya, pamoja na wataalamu wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Newcastle, ilianzisha mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai, na Morogoro Vijijini, wilaya ambayo wakati huo iliikumbatia Uluguru karibu yote. Watu wengi walifia nyumbani bila cheti cha daktari, hivyo mradi ulitumia uchunguzi wa kifo kwa maelezo, njia ambayo mhojaji huifikia familia baada ya msiba na kumuuliza aliyemuuguza marehemu. Karatasi ya mhojaji ilikuwa ndefu na ya subira: homa ilianza lini, ilikuja na kuondoka au ilikaa, kikohozi kilikuwa na damu au la, alikonda kwa wiki ngapi, palikuwa na uvimbe, na kama ulikuwapo, wapi, na ulipasuka au haukupasuka, kama ni mwanamke, alitokwa damu baada ya kukoma hedhi. Mhojaji alipanda kwa miguu hadi nyumba za mteremkoni, akaketi mkekani, akaandika. Kisha madaktari, kila mmoja peke yake, walisoma karatasi na kutaja chanzo cha kifo. Madaktari hao walikuwa wamefundwa kumtazama mgonjwa na kumgusa, na sasa waligeuka wasomaji wa maelezo ya marehemu wasiowajua. Kazi yao ni mfano ulio wazi kuliko wowote katika mkoa huu wa mtafiti anayehamia uchambuzi, na ilizaa matunda mapema: mwaka 2000 Lancet ilichapisha matokeo yaliyotokana na maeneo hayo matatu, yakionyesha kuwa kiharusi kiliwaua watu wazima wa Tanzania kwa viwango vilivyozidi vya Uingereza katika umri uleule.

Idadi hizo zilitumiwa na mradi mwingine, uliofadhiliwa na shirika la utafiti la Kanada na kujulikana kwa kifupi TEHIP, ambao kuanzia mwaka 1997 ulizipa wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini fedha kidogo za nyongeza pamoja na zana za hesabu. Zana kuu ilikuwa picha ya mzigo wa magonjwa, yaani jedwali la mistari ya urefu tofauti inayoonyesha kila ugonjwa umekula miaka mingapi ya maisha ambayo watu wangeishi, likiwekwa kando ya jedwali la bajeti. Timu ya afya ya wilaya ilipoyatazama majedwali hayo mawili pamoja, matokeo hayakuhitaji maelezo marefu. Malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea Morogoro, lakini katika bajeti ya 1996 ilipewa asilimia 5. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4 na kupewa asilimia 22. Bajeti ilikuwa imefuata wafadhili wa kila ugonjwa, na hakuna aliyekuwa amekosea kwa makusudi. Fedha zilihamishwa, vyandarua na matibabu bora ya watoto vikapewa uzito, na katika wilaya hizo vifo vya watoto vilipungua sana ndani ya miaka michache, ingawa nyongeza iliyoweza kutumika haikufikia hata dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Ushauri elekezi, yaani ushauri wa kitaalamu unaolipiwa, mara nyingi huishia kwenye ripoti yenye jalada zuri; hapa uliishia kwenye orodha ya ununuzi ya wilaya, na hiyo ni tofauti kubwa.

Kusini zaidi katika mkoa huohuo, Ifakara ilikuwa ikifundisha upande mwingine wa kazi hii. Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama aliyetoka katika ukoo wa kampuni ya kemikali ya Basel, alifika huko mwaka 1949 na kufungua maabara ya nyanjani mwaka 1957, na kampuni za dawa za Basel zikasaidia kuanzishwa kwa kituo cha kufundishia waganga wasaidizi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1990 kituo hicho, ambacho kilikuja kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara, kiliijaribu chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia, kwa watoto 586 wa Idete, na mwaka 1994 kikatangaza kinga ya asilimia 31. Majaribio mengine kwingineko hayakuithibitisha, na chanjo ikaachwa. Faida iliyobaki Ifakara ilikuwa ya watu: kizazi cha Watanzania waliojua kuandaa itifaki ya jaribio, kulinda usiri wa nani kapewa nini, na kusoma matokeo bila kuyapenda mno. Watu wa namna hiyo ndio ambao kampuni za dawa, wizara na mashirika ya ushauri huwatafuta.

Mahitaji ya serikali yenyewe yaliongezeka pia. Mamlaka ya Chakula na Dawa ilianza kazi mwaka 2003, maabara yake ikatambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na mwaka 2018 Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa, mwaka mmoja kabla mamlaka hiyo haijaachia chakula na kuitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtathmini wa mamlaka hiyo husoma faili la maombi lenye sehemu tano: taarifa za kiutawala, muhtasari, ubora wa utengenezaji, tafiti zilizofanywa nje ya mwili wa binadamu, na tafiti kwa binadamu. Katika dawa ya saratani huulizwa kama imerefusha uhai wenyewe au imerefusha tu muda ambao uvimbe haukui, jambo ambalo vipeperushi hupenda kulifunika, na aliyewahi kuotesha seli za saratani maabara hulinusa haraka. Upande wa gharama hudai elimu nyingine, na kwa bahati Morogoro unayo pia: Mzumbe, shule ya utawala wa serikali za mitaa tangu 1953 na chuo kikuu tangu 2001, iko kwenye barabara ya Iringa, mwendo mfupi kutoka Sokoine. Sayansi ya maabara na hesabu ya fedha za umma zimekaa chini ya mlima mmoja kwa miaka mingi, zikitembeleana kidogo kuliko ilivyostahili.

Linabaki suala la saratani katika jedwali. Uchunguzi wa kifo kwa maelezo hulikamata kwa urahisi donda la titi, kwa kuwa ndugu waliliona na kulisafisha. Haukamati saratani ya damu, ambayo kwa msimulizi ni homa, kukonda na damu ya pua, na kwa msomaji wa karatasi inaweza kuwa malaria au UKIMWI. Kwa muda mrefu, mtu wa Matombo au Mgeta, huko Uluguru, aliyeshukiwa kuwa na saratani ilimpasa afike Dar es Salaam, kwanza kwa kipimo cha nyama ya mwili Muhimbili na kisha kwa mionzi Ocean Road, hospitali ya Wajerumani ambayo mwaka 1996 ilifanywa taasisi ya saratani ya taifa. Asiyekuwa na nauli alifia nyumbani na kuhesabiwa kwa dalili zake. Hivyo mstari wa saratani ulikuwa mfupi kwa sababu vipimo vilikuwa mbali, ufupi wa mstari ukazaa bajeti ndogo, na bajeti ndogo ikaviacha vipimo vilipokuwa. Mchambuzi aliyelelewa na hesabu peke yake hawezi kuona kasoro hii ndani ya hesabu. Aliyetoka katika utafiti wa saratani anajua kile ambacho hadubini ingekionyesha, na ujuzi huo ndio mchango wake halisi anapohamia meza ya uchambuzi, kuliko hata umahiri wake wa takwimu.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyopata bahati ya kupimwa vizuri, kwa kuwa chanzo chake, kirusi cha papiloma, kinajulikana na chanjo ipo. Tanzania iliianza chanjo hiyo kitaifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Wakati huohuo watafiti wa Mwanza walikuwa wakiwafuatilia wasichana 930 waliopewa dozi moja, mbili au tatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa dozi moja iliamsha kinga karibu kwa kila msichana na kinga hiyo ilidumu. Kwa mwanabaiolojia hilo lilikuwa jibu la swali la kingamwili. Kwa waliokaa na majedwali lilimaanisha kuwa dozi zilezile zingefikia wasichana mara mbili, kwamba mhudumu hangelazimika kuirudia shule ileile ya mlimani baada ya miezi sita, na kwamba jokofu la chanjo la wilaya lingetosha. Na mwezi Aprili 2024 nchi nzima, Morogoro ukiwamo, ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.